Siku Niliyomwambia Mistri Kwamba Ninaijua Bahari

Nina kosa, na nitalisema lote, lakini mtanivumilia kidogo kwa sababu kichwa changu hakiendi moja kwa moja kama reli. Kwanza niwaambie habari ya fahali.

Babu yangu kule Idakho alikuwa na fahali wa kupigana. Kwetu fahali wa kupigana ni mtu mkubwa! Anaimbiwa, anapigiwa ngoma za isikuti, analishwa vizuri kuliko watoto. Huyu wa babu alikuwa mweusi, pembe moja imeinama ikitazama chini kama mtu mwenye aibu, lakini aibu hakuwa nayo hata kidogo.

Asubuhi ya pambano tulimpeleka uwanjani, mimi mbele nikicheza, nikijiona ni kama mimi ndiye nitakayepigana. Alipomwona mwenzake, weee! Akageuka! Akarudi mbio upande wetu, watu wakatawanyika kama maharagwe yaliyomwagika. Mimi nikakimbilia mto.

Mto Yala, wakati wa mvua. Niliingia mpaka kiunoni, nikashika mzizi wa mti. Fahali akafika ukingoni, akanitazama, akanywa maji, akaenda zake kula nyasi. Mimi sikutoka. Maji yananivuta huku, yananisukuma kule, kaptura yangu ikaenda, nami nimeshika mzizi nalia. Babu aliponikuta alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya maji. Tangu siku ile hata kuoga nilioga kwa karai, na nikipita juu ya daraja nilitembea katikati kabisa. Kama gari linakuja, lingoje.

Na elimu ya kalamu pia ilikuwa ndogo, darasa la nne tu, kwa hiyo msinicheke mwandiko. Nilikuja Thika kutafuta kazi nikiwa kijana, miaka ya hamsini, ile ya Hali ya Hatari. Nikapata kazi kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa akijenga bodi za malori nyuma ya maduka ya Wahindi, karibu na reli. Sote tulimwita Mistri, maana yake fundi, na alikuwa fundi kweli. Mrefu, ndevu kifuani, kilemba cha buluu, na sauti ya kuita mtu aliye Murang'a. Sauti hiyo ilitokana na masikio. Msumeno wa mashine ulikuwa umeyala masikio yake, kwa hiyo kama hukumsimamia mbele ya uso na kusema polepole, hakusikia kitu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mbao, kushika upande wa pili, na kufagia. Meza ya kurandia sikuigusa. Na nilitaka kuigusa, haki ya Mungu! Nilipenda vile ubao unatoa ngozi yake mviringo mviringo chini ya randa. Lakini Mistri alikuwa akisema, "Randa ni kama bibi, hapana azima."

Sasa huyu Mistri alikuwa na ndoto moja. Alikuwa ameona bahari mara moja tu, safari ile ya meli iliyomleta kutoka kwao akiwa kijana, na tangu hapo aliitaka irudi. Akaanza kujenga mashua. Hapo hapo kati ya malori! Aliijenga kwa plaiwudi na boliti, kama bodi ya lori ndogo, na Njoroge, mpaka rangi wetu, akaipaka kijani iliyobaki kwenye lori la kahawa. Nyuma akaandika kwa herufi nzuri nyekundu, "KAA MBALI."

"Nani atamfuata karibu huko baharini?" nikamuuliza.

"Papa," Njoroge akasema. "Papa wengine hawana adabu."

Basi mashua ikaisha, akanunua injini ndogo ya kufunga nyuma, na mpango ukawa kuipeleka pwani, mahali fulani kaskazini mwa Mombasa, mto unapoingia baharini, atoke nayo nje akavue samaki mkubwa apigwe picha naye. Lakini bibi yake, Mama Jit, akakataa. Alikuwa mama mfupi mwenye macho ya kuona mpaka mfukoni. Alisimama mlangoni mwa karakana, akasema mbele yetu sote, kwa Kiswahili ili sote tuwe mashahidi:

"Huyu hapana jua maji. Yeye jua mbao. Kama hapana mtu ya maji pamoja naye, mashua hii iwe kitanda ya kuku."

Mistri akatugeukia. Njoroge hakungoja aulizwe. Akaninyooshea brashi yenye rangi.

"Si huyu hapa? Huyu ni Mkavirondo! Hawa wanazaliwa wakiogelea."

Niwaelezee hapo, kwa sababu nyinyi vijana mnaoishi Membley ndani ya geti hamjui. Enzi hizo sisi sote tuliotoka magharibi tulifungwa mzigo mmoja. Mjaluo wa ziwani, Mluhya wa milimani, wote Wakavirondo, jina tulilopewa bila kuulizwa. Na huku Thika ilijulikana kwamba Mkavirondo ni mtu wa samaki na ziwa. Mimi! Mtu wa kuku na vilima! Ziwa sikuwa nimeliona hata kwa mbali!

Ningesema hivyo tu. Ningesema, "Njoroge, acha utani," tukacheka, mashua ikawa kitanda ya kuku. Lakini Mistri alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Kama vile nimekuwa mtu ghafla.

"Kweli wewe jua maji?"

Nikasema, "Kidogo."

Kidogo! Wasomaji, hilo neno ndilo liliniua. Uongo wa "ndiyo" mtu anaweza kuukamata. Uongo wa "kidogo" unaonekana kama unyenyekevu. Mama Jit mwenyewe akatabasamu, akaenda ndani, akaniletea chapati mbili na dengu. Kwa nyumba ile mfanyakazi kuletewa chakula kwa mikono yake, hapana, haikuwa imetokea.

Na chapati zikaendelea! Kila mchana. Na mimi kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kukumbuka ziwa. Nikakumbuka baba yangu mvuvi, ambaye kwa kweli alikuwa mchungaji wa mbuzi. Nikakumbuka dhoruba. Nikakumbuka kiboko mmoja ambaye mpaka leo namwonea huruma, nilimpiga kasia mara nyingi hivyo na hakuwahi kuzaliwa.

Njoroge alikuwa akinisikiliza huku anachanganya rangi. Siku moja akaninong'oneza, "We, hiki kiboko jana kilikuwa kidogo. Leo kimemeza mtu?"

"Kinakua," nikamwambia.

Tuliijaribu mashua kwenye bwawa la shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, ambako meneja alimruhusu Mistri kwa sababu ya kumrekebishia matrela. Wachuma kahawa wote wakaja ukingoni kutazama. Bwawa lilikuwa tulivu kama uji uliopoa. Mistri akanipa mkono wa injini, nikaushika, tukazunguka, tukazunguka tena, akina mama wakapiga vigelegele. Nikasimama! Nikainua mkono mmoja kama gavana! Nikafikiri, kumbe hii kitu ni rahisi hivi. Mimi nimekuwa nikiogopa nini miaka yote?

Hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwenye lile bwawa. Lilinidanganya nami nikalidanganya.

Njoroge hangeweza kuja nasi, kwa sababu wakati huo Mkikuyu hakusafiri hivi hivi, alihitaji karatasi za kumtoa mpaka mlangoni kwake. Kwa hiyo tulipofunga mashua juu ya lori tukawa wawili tu, Mistri na mimi. Mama Jit akatoka na tyubu mbili za tairi, amezijaza upepo kabisa, amezifunga kamba za kuvaa begani. Akanipa zote mbili. Hakunipigia kelele. Alisema polepole:

"Mimi naruhusu kwa sababu ya wewe. Unasikia? Wewe nachukua yeye, wewe naleta yeye."

"Nitamleta, Mama," nikasema, chapati yake bado iko mdomoni.

Njiani, vumbi la Voi likituingia puani, Mistri akaniuliza tutatokaje pale mtoni. Aliuliza kwa heshima, kama mwanafunzi. Sasa mimi nilifikiria kwa kichwa cha mtu wa milima. Nikamwinamia mpaka usoni, nikamwambia kwa sauti, "Tunangoja wakati maji ya ndani yanatoka kwenda baharini. Yanatubeba. Ni kama lori likiteremka, injini inapumzika."

Mistri akapiga usukani kwa furaha. "Shabash! Petroli nabaki!"

Tulifika. Mahali pazuri, siwezi kusema uongo hapo. Maji ya ndani kijani, mikoko pande zote mbili, na mbele huko yanapotokea kuna mlango katikati ya miamba, watu wa pale wanauita hivyo hivyo, mlango. Na hapo mlangoni niliona kitu cheupe kinainuka na kulala, kinainuka na kulala. Nikajiambia ni mchanga.

Tukashusha mashua. Mistri akainama kufunga injini. Pembeni kulikuwa na mtu anashona mtego wake wa samaki, mwembamba, kofia ya kiua, mdomo haufungi. Jina lake Kombo. Alianza kucheka alipoona maneno ya Njoroge.

"Kaa mbali! Na nyinyi wenyewe mnakwenda wapi?"

"Nje," nikasema.

"Nje saa hii?" Akaacha kushona. "We bwana wa bara, njoo hapa nikueleze. Maji yanakupwa sasa hivi, yanatoka. Bahari nayo inaingia na mawimbi yake. Yakikutana pale mlangoni yanapigana, na wewe unakuwa katikati yao. Ngojeni. Kaeni mle nazi. Maji yakishasimama yakaanza kujaa, mlango unalala, mnapita kama mnakwenda harusini."

Yeye akaendelea, hakuwa mtu wa kungoja jibu.

"Na hata hapo msijitupe tu. Simameni ndani, kwenye maji matulivu, mtazame. Mawimbi makubwa huja kwa kundi, halafu bahari hupumua. Ikipumua ndiyo mwendo. Elekeza uso wa chombo kwenye wimbi, usilipe ubavu. Lipande polepole, usiliruke. Fungeni kila kitu humo ndani, hata hilo sanduku la vyuma. Mkae chini. Na mkishaingia mlangoni, msigeuze! Anayegeuza katikati amekwisha. Umenisikia?"

Nilimsikia. Mpaka leo nimemsikia! Kila neno liliingia likakaa.

Mistri akainua kichwa. Alikuwa ameona mtu anazungumza na mikono, lakini kwa masikio yale hakuwa amepata kitu. Akapaza sauti, "Yeye nasema nini?"

Wasomaji, hapa ndipo. Kila kitu cha nyuma mnaweza kukiita utani wa kijana. Hapa si utani. Kama ningemwambia Mistri maneno ya Kombo, angeniuliza swali moja tu: mbona wewe mtu wa ziwa uliniambia kinyume? Na chapati zingekwisha, na lile jicho alilonitazama nalo lingekwisha, nikarudi kufagia.

Nikamwambia, "Anatutakia safari njema."

Mistri akaweka mkono kifuani, akamwinamia Kombo kwa heshima. "Asante sana! Asante!"

Kombo akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akasema, "Mh!" Hiyo "mh" yake ningeweza kuwaigiza mkiwa mbele yangu, kwa kalamu haiandikiki.

Mistri akavaa tyubu yake kwa sababu aliyemwambia ni bibi yake. Mimi yangu niliiacha kwenye lori. Mtu wa ziwa avae mpira? Wachuma kahawa wangesema nini! Kana kwamba wachuma kahawa walikuwa pale.

Mwanzo ulikuwa mtamu sana, ni lazima nikubali. Maji yalitubeba kweli! Mikoko inapita mbio, Mistri ameketi mbele anaimba kwa Kipunjabi, anapiga ubao wa mashua kama ngoma. Mimi nyuma nimeshika mkono wa injini. Nikafikiri, si nilisema? Lori linateremka.

Kisha nikaona kwamba ule mchanga mweupe hauko chini. Umesimama.

"Nini hiyo?" Mistri akauliza.

"Kawaida!" nikapiga kelele. Kawaida!

Nikajaribu kupunguza mwendo, lakini maji yaliyotubeba hayakuwa na breki. Wimbi la kwanza lilitupandisha mpaka nikaona anga tu na miguu ya Mistri, halafu likatuachilia. Tulianguka kama gunia kutoka kwenye lori. Sanduku la vyuma, ambalo sikulifunga, liliruka likampiga Mistri mkono wa kulia. Nikasikia mlio wake. Si wa Mistri, wa mfupa.

La pili likajaza mashua nusu. La tatu nililiona linakuja, na hapo, nisameheni, kichwa chote kikaondoka. Nikafanya kile kimoja nilichoambiwa nisifanye. Nikasukuma mkono wa injini mpaka mwisho, nikageuza turudi nyumbani.

Likatupata ubavuni. Mashua ikalala, ikapinduka, na kitu cha mwisho nilichokiona ni KAA MBALI ikipita juu ya kichwa changu kichwa chini.

Sasa niwaambie nani alimwokoa nani, kwa sababu hili limesimuliwa Thika vibaya. Mimi nilizama. Sikuwa na mzizi wa kushika. Niliibuka, nikameza bahari, nikazama. Nilipoibuka tena nikamwona Mistri anaelea ndani ya tyubu ya Mama Jit, mkono mmoja umening'inia, na nywele ziko nje. Nywele zake, ambazo sijawahi kuziona, zimeenea majini. Wimbi lilikuwa limeanza kukifungua kilemba, naye alikuwa anakimalizia kwa mkono mzima na meno. Akarusha ncha yake kwangu.

"Shika! Shika, mtoto!"

Nilishika. Kitambaa kile ni kirefu, ndugu zangu, nyinyi mnakiona kikiwa kichwani hamjui. Akanivuta kwa mkono mmoja na meno mpaka nikafika kwenye tyubu, nikaikumbatia, nikamkumbatia na yeye.

Kombo alitufuata. Kumbe baada ya ile "mh" alichukua mtumbwi wake na kijana wa kaka yake, wakatungoja ndani ya mlango, pembeni, penye maji matulivu, wakijua kitakachotokea. Wakatuokota tulipotupwa upande wao. Akampandisha Mistri kwanza. Mimi akanipandisha kwa sikio.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia, we mwanaharamu? Nilikwambia nini?"

Mistri, uso mweupe kwa maumivu, masikio yamejaa maji juu ya ule uziwi wake, akauliza, "Yeye nasema nini?"

Na mimi, natapika maji ya chumvi, nikasema, "Anasema pole."

Mnaona nilivyokuwa? Hata hapo!

Mkono ulifungwa plasta hospitalini, lakini mfupa ulikuwa umevunjika vibaya karibu na kiwiko. Daktari alimwambia utapona, ila kusukuma kitu kizito siku nzima, hapana. Na randa ni kitu gani kama si kusukuma siku nzima? Mistri alinieleza hivyo kwenye lori, nikawa mimi ninayeendesha polepole kwa namna nilivyojifunza kwenye uwanja wa karakana. Aliniambia bila uchungu. Akaongeza, "Kama wewe hapana geuza, sisi nakufa. Mimi naona. Wewe naleta sisi nyuma."

Niliendelea kutazama barabara.

Tulipofika Thika nilijua nitasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mtito Andei. Lakini Mistri alishuka kwanza, na kabla Mama Jit hajauona mkono vizuri akaanza kwa ile sauti yake ya Murang'a: huyu kijana ndiye alinishika majini, huyu ndiye alinileta. Alisema uongo! Yeye, mtu ambaye hata vipimo vya mbao hakudanganya mteja! Nadhani alitaka kunikinga na hasira ya mama. Nadhani hivyo.

Jumapili wakafanya chakula. Meza ndefu uwanjani, kati ya malori, wafanyakazi wote na jamaa zao. Niliketishwa karibu na Mistri. Mbele yangu, badala ya sahani, waliweka randa yake. Ile yenyewe, mpini umelainika kwa mkono wake.

"Mkono wangu nakufa kidogo," Mistri akasema. "Sasa wewe ni mkono. Kesho naanza. Mimi nafundisha yote."

Watu wakapiga makofi. Njoroge akaniegemea. "Haya, mtu wa kiboko, tuambie. Ulimshikaje?"

Nikafungua mdomo. Nawaapia nilifungua. "Mama," nikasema, "mimi ile siku..."

"Mimi sema wewe lete," Mama Jit akanikatiza, machozi yamemjaa, ananiwekea nyama. "Wewe naleta. Basi. Kula."

Nami nikafunga mdomo nikatafuna. Nikajiambia nitasema kesho. Nitasema nikiwa nimejifunza randa kidogo. Kidogo! Neno lile lile.

Halafu Mistri akapiga meza kwa mkono mzima. "Plasta natoka, tunajenga ingine! Kubwa! Tunarudi pale pale, naonyesha bahari!"

Sote tukamtazama Mama Jit, tukingoja ngurumo. Yeye akanitazama mimi. Akanitazama vizuri, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuteremka nayo kisimani.

"Kama huyu naenda," akasema, "mimi hapana kataa."

Wacha nisimame hapo kidogo. Wewe unayesoma hii, kama umesimama kati ya mtu anayejua na mtu anayekuamini, peleka neno lote kama ulivyopewa. Usilifupishe, usilipambe. Utaona aibu, ndiyo, utacheka nayo baadaye. Mimi mfupa wa mtu mwingine siwezi kuucheka, ingawa mengine yote nayacheka. Na kama uko pwani na chombo kidogo, ngoja maji yaanze kuingia, uso kwenye wimbi, funga vitu vyako, na usigeuze. Ni maneno ya Kombo. Nimechelewa sana kuyafikisha.

Lakini siku ile sikuyafikisha. Nilikuwa na njia mbili za kumweka Mistri mbali na mlango ule. Moja ilikuwa kusema. Ya pili ilikuwa kwamba bila mimi Mama Jit hatamruhusu hata atoe mashua getini.

Nikainuka. Nikasema nakwenda kunawa mikono.

"Rudi haraka, ladu tamu nakuja!" Mama Jit akaniita.

Bomba lilikuwa nyuma, karibu na geti. Nikanawa. Nilikuwa nawasikia wakicheka, sauti ya Mistri juu ya zote, anasimulia tena wimbi la tatu. Geti lilikuwa wazi. Nikatoka, mikono bado inadondosha maji, nikafuata reli kuelekea Ruiru, na Thika sijakanyaga tena.